Maumivu yakiisha sio kwamba umepona: jibu kwa mama wa mwambao wa Uvinza

Mama mmoja wa huku mwambao wa kusini, wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka 9 alianguka kwenye mwembe, jino la mbele la juu likatoka lote na mzizi wake. Hakulia sana, damu ikakata, nikalifunga jino kwenye tishu, boti tukapata kesho yake, kufika hospitali wakasema jino limeshakufa. Mimi mwenyewe nina gego la chini limeoza muda, wiki iliyopita shavu likavimba nikanunua amoksilini dukani, maumivu yameisha kabisa ila sasa uvimbe umeshuka chini ya taya na kumeza kunanisumbua kidogo. Na mdogo ana miezi 8 anaharisha na ana homa, majirani wanasema ni meno ya plastiki yatolewe haraka. Nitajuaje kipi cha kukimbilia na kipi kinasubiri, maana huku hospitali ni mpaka boti?"

Marahaba mama, pole sana na pole kwa watoto. Naanza na mdogo, halafu wewe, kijana aliyeanguka ntamalizia nae.

Mdogo asiguswe ufizi na mtu yeyote, awe bibi, awe fundi, awe nani. Meno ya plastiki hayapo. Ule weupe uliotuna kwenye ufizi, mara nyingi pale panapotokea chonge, ni jino lenyewe la utoto ambalo bado halijakomaa, ndo maana likifukuliwa linatoka laini na jeupe na watu wanaamini kweli wameona plastiki. Wanafukua kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, kwa kisu, kwa wembe, na mtoto wa umri huo damu yake mwili mzima haifiki lita moja, kwa hiyo kile kinachoonekana ni damu kidogo tu kwake ni nyingi sana, hapo bado pepopunda, bado usaha kwenye taya, na chonge la ukubwani nalo linaweza kuharibika humohumo kabla hata halijaota. Mtoto akija kupata nafuu wanasema unaona, yalikuwa meno, kumbe kuharisha kwingi kwa watoto kungeisha kwenyewe ndani ya siku chache alimradi mtoto asiishiwe maji.

Kwa hiyo mpe ORS, ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, kila akiharisha, robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko taratibu, aendelee kunyonya kama kawaida na zaidi, na zahanati watampa zinki ya miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, usiikatize hata akipata nafuu siku ya tatu. Homa ipimwe malaria leo leo, mkoa wetu huu homa ya mtoto haikisiwi. Ukiona macho yamezama, hanyonyi, amelegea, anatapika kila kitu, kinyesi kina damu au amepata degedege, hapo ni mbio, usisubiri kukuche.

Sasa wewe mama. Ukimaliza kusoma hii aya anza kuulizia boti ya leo, sio ya kesho kutwa. Na mdogo umbebe, mpimwe wote safari moja.

Nakuambia hivyo kwa sababu umeniandikia vitu viwili ambavyo mtu wa meno akivisikia pamoja anasimama: uvimbe umeshuka chini ya taya, na kumeza kumeanza kusumbua. Wewe umeviandika katikati kama kitu kidogo kwa sababu maumivu yameisha, na hapa ndo watu wengi sana wanapoumia. Tunapima dharura ya jino kwa maumivu. Jino linauma vile mpaka mtu anatembea usiku uani kwa sababu kiini cha ndani bado kipo hai na kimebanwa, hakina pa kuvimbia. Kikishafa, au usaha ukipata njia ya kutoka nje ya mfupa, maumivu yanapungua ghafla, mtu anashukuru Mungu anarudi shambani, wakati usaha ndo kwanza unasafiri. Mizizi ya magego ya chini, hasa yale mawili ya mwisho, inafika chini kuliko pale misuli ya sakafu ya mdomo iliposhika kwenye taya, kwa hiyo usaha wake ukitoboa mfupa hauji mdomoni ukaonekana kama kipele, unashukia shingoni na chini ya ulimi. Ukijaa pande zote mbili ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inaziba. Madaktari wameujua ugonjwa huu tangu mwaka 1836, alipouelezea daktari mmoja wa Ujerumani anaitwa Ludwig, na mpaka leo unaua watu wazima wenye nguvu zao kwa sababu ya gego moja lililooza.

Jipime sasa hivi hapo ulipo. Simamisha vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine, uvipitishe kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia vizuri bado una nafasi, vikiingia viwili kwa shida taya limeanza kukaza. Toa ulimi nje, je unatoka kama zamani? Shika chini ya kidevu, pako laini au pamekuwa pagumu? Meza mate. Mwambie mtu akusikilize ukiongea, sauti ikianza kuwa nzito kama mtu anaongea na tonge mdomoni basi uvimbe umeshafika pabaya. Mgonjwa wa hali hiyo ukimuona mara moja humsahau: kakaa kitandani kainamia mbele, mikono kaikita magotini, mate yanamdondokea kwenye kanga kwa sababu kuyameza hawezi, ukimwambia alale anakataa kwa mkono. Usimlazimishe kulala. Anakataa kwa sababu akilala chali hewa haipiti. Kwenye boti au gari mwacheni akae hivohivo.

Na amoksilini je? Haikukosea kukupa nafuu ila haiwezi kumaliza kazi. Dawa inasafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiingii tena, wala kwenye usaha uliojikusanya haiingii ya kutosha, kwa hiyo inapunguza wadudu walioko pembeni, uvimbe unanywea, halafu chanzo kimebaki palepale kinaendelea. Tiba ni kutoa usaha na kung'oa jino au kusafisha mzizi wake, dawa ni ya kusaidia tu. Ukipita zahanati wakakuanzishia sindano kabla ya safari ni vizuri sana, kubali, ila usikubali kubaki pale siku tano kusikilizia.

Kuna hili jambo pia linaniumiza kila siku, mtu anarudishwa au anajirudisha mwenyewe nyumbani eti jino lenye uvimbe haling'olewi mpaka uvimbe ushuke. Hapana. Ganzi inaweza kusumbua kidogo kushika penye usaha, mtaalamu anajua pa kuichoma, lakini kung'oa jino lililosababisha uvimbe ndo kufungulia usaha njia, na mara nyingi kadiri linavyotoka mapema ndo mgonjwa anavyopona mapema. Wala kung'oa jino la juu hakupofushi macho. Kinyume chake, uvimbe wa chonge la juu ukipanda mpaka jicho linafunga, huo ndo unaotishia jicho na hata ubongo, na wenyewe ni wa kukimbiza siku hiyohiyo.

Ukifika mapokezi, kama ni Maweni, hospitali ya mkoa pale Kigoma mjini, au hospitali yoyote ya karibu zaidi, usiseme "jino linauma", utawekwa kwenye foleni ya meno na foleni ya meno ni ndefu. Sema "nimevimba chini ya taya na kumeza ni shida". Maneno hayo yanakupeleka mbele. Kama una kisukari, ujauzito, au unatumia dawa za kupunguza makali ya VVU, taja palepale, maana kwa watu hao usaha unakimbia zaidi. Kwa vile unanyonyesha usiogope ganzi wala paracetamoli wala ibuprofeni, hakuna sababu ya kumuachisha mtoto ziwa.

Uvimbe usiukande na maji ya moto, usibandike dawa yoyote ya majani juu ya ngozi, usijipasue. Sukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi. Kwa maumivu mtu mzima anaweza kumeza paracetamoli gramu moja, yaani vidonge viwili vya 500, kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na ibuprofeni ya 400 kila baada ya saa 8 akiwa ameshakula, mbili hizi kwa pamoja zinasaidia kuliko moja moja. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayoamshwa na dawa hizi, au mimba kubwa aiache ibuprofeni, na usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, ni ndugu moja zitakuchoma tumbo. Mafuta ya karafuu kwenye pamba kidogo juu ya tundu la jino yanatia ganzi kweli, ni ya kuvusha usiku tu. Ila aspirini ya kusaga ukaiweka kwenye ufizi inaunguza nyama inakuwa nyeupe, na maji ya betri, jamani, maji ya betri ni asidi, yanakula ufizi na shavu na mfupa, mtu anaingia na jino moja bovu anatoka na jeraha la mdomo mzima.

Nije kwa kijana. Waliokuambia jino limekufa hawakukudanganya na wewe pia hukufanya uzembe, karibu kila mzazi angelifunga kwenye tishu, hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Lakini nataka ulijue hili ili umfundishe jirani na mwalimu wa shule hapo kijijini, maana ndo dharura pekee ya meno ambayo mzazi mwenyewe akiwa chini ya mwembe anaweza kuliokoa jino kuliko mimi niliye hospitali na vifaa vyote. Saa zinazohesabika ni zile za kwanza, na ni dakika kuliko saa.

Jino likitoka zima liangalie. Kuna kichwa, ile sehemu nyeupe tunayoiona mtu akicheka, na kuna mzizi, mrefu, wa njanonjano, una kautando kembamba kenye utelezi. Kale kautando ndo kenye uhai, ndo kanakolishikisha jino kwenye mfupa upya. Kakikauka kanakufa, na jino likikaa kavu kwa saa moja kautando kote unakahesabu kamekufa. Kwa hiyo unalishika kichwani, mzizi hauguswi, hausuguliwi, hauoshwi na sabuni wala dawa ya meno. Kama lina mchanga lisuuze sekunde kumi hivi kwa maziwa au maji safi yanayotiririka, basi. Halafu unalirudisha kwenye tundu lake hapohapo, ndio, wewe mwenyewe mzazi. Upande uliobinuka laini unaangalia mdomo wa nje, upande wenye kabonde unaangalia ulimi, unasukuma taratibu kwa kidole mpaka lifikie kimo cha mwenzake wa pembeni, mtoto atakunja uso lakini tundu bado lina ganzi ya mshtuko na inawezekana. Mwambie ang'ate kitambaa safi kilichokunjwa, safari ianze. Hospitali watalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba, kawaida wiki mbili, anakula vyakula laini, na ndani ya wiki mbili hizo mzizi unasafishwa kama jino lilikuwa limeshakomaa.

Ukishindwa kulirudisha, au mtoto analia sana au amezimia, liweke kwenye maziwa. Maziwa fresh yaliyopoa, ya pakti sawa, ya ng'ombe yaliyochemshwa yakapoa sawa, mtindi hapana kwa sababu una asidi. Hakuna maziwa? Mtoto ateme mate yake kwenye kikombe kisafi jino likae humo, au zahanati waombe maji ya dripu yale ya chumvi. Maji matupu ya ziwa au ya bomba ni ya mwisho kabisa, ila hata hayo yanashinda tishu. Mtu mzima anaweza kulibeba ndani ya shavu, mtoto hapana, atalimeza au litampalia.

Na hii usiichanganye: jino la utoto halirudishwi kamwe. Ukilisukuma ndani linaharibu la ukubwani lililolala chini yake. Meno ya mbele ya juu ya ukubwani yanaota kwenye miaka 7 na 8, kwa hiyo wa miaka 4 akipoteza la mbele, simamisha damu tu umpeleke aangaliwe, wa miaka 9 ni la ukubwani, pigania. Ukikwama kwenye umri huna hakika, lihifadhi kwenye maziwa uende nalo, mtaalamu ataamua. Na mtoto akianguka kutoka juu ya mti kichwa ndo cha kwanza, kama alipoteza fahamu, anatapika, anasinzia ovyo au anaongea visivyoeleweka, jino subiri, kimbiza kichwa.

Jino likivunjika kipande, tafuta kipande ukiweke kwenye maji, kinaweza kugundishwa. Ukiona kwenye sehemu iliyovunjika kuna kidoti chekundu au kinatoa damu, kiini kiko wazi, hiyo ni ya leo au kesho. Kama hakuna na ni ukali ukali tu wa ubaridi, wiki hii inatosha. Kama mdomo umechanika na kipande hakionekani, waambie waangalie ndani ya mdomo uliochanika, vipande vinajificha humo.

Damu baada ya kung'oa jino nayo inatia watu hofu usiku. Mate yakichanganyika na damu kidogo yanaonekana bakuli zima. Kunja kitambaa safi au shashi, iwe nene, iwe juu ya tundu lenyewe sio kwenye meno ya pembeni, ng'ata kwa nguvu nusu saa nzima ukiangalia saa, bila kuchungulia. Kuchungulia kila dakika mbili ndo kunakobandua damu iliyoganda. Pakiti ya majani ya chai iliyoloweshwa ukaing'ata inasaidia pia. Siku hiyo hakuna kusukutua, kutematema, pombe wala chai ya moto. Ukirudia mara mbili bado inatiririka, au unatumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini, nenda.

Mengine napita haraka. Ajali ya boda, mtu meno yake hayakutani tena kama zamani au mdomo wa chini umekufa ganzi, hilo ni taya limevunjika, funga kitambaa kutoka chini ya kidevu hadi utosini kama hatapiki wala damu haijai kooni, peleka. Mtu mzima wa makamo ambaye taya la chini linamuuma akipanda kilima au akibeba mzigo na anatoka jasho jembamba, linakoma akipumzika, huyo sio jino, ni moyo, hospitali sasa hivi. Na mtoto mdogo aliyedhoofika, hasa aliyetoka kuugua surua, ufizi una kidonda, mdomo unatoa harufu kali isiyo ya kawaida na shavu limeanza kuvimba, huo unaitwa noma, ukicheleweshwa siku chache doa jeusi linatokea shavuni na nyama inaliwa. Mwanzoni unatibika kwa dawa za kawaida na chakula. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa Desemba 2023, na kupuuzwa kwenyewe kunaanzia kwa sisi kudhani ni harufu tu ya mdomo.

Kinachoweza kusubiri ni jino lililotoboka bila uvimbe wala homa, ukali wa maji baridi, jino lililozibwa likafunguka, kidonda cha mdomo ambacho hakijafika wiki mbili. Kusubiri hapo namaanisha siku kadhaa mpaka boti ya soko, sio mpaka mavuno. Lako wewe lilikuwa kwenye kundi hili miezi iliyopita. Wasomaji wa Tabora mnaoniuliza kila mara muende wapi, hospitali ya mkoa ya Kitete wapo watu wa meno, na kabla ya kutoka Kaliua au Sikonge pigeni simu hospitali ya wilaya kwanza, huenda huduma ipo jirani kuliko mnavyodhani.

Kijana nae mchukue boti hiyohiyo ya leo mama. Aangaliwe meno mawili ya pembeni ya pengo kwa picha, kwa sababu nayo yalipata kishindo, moja likianza kubadilika rangi kuwa la kijivu au kipele kikatokea kwenye ufizi juu yake, kiini chake kimekufa na kinatibika kikiwahiwa. Ulizia chanjo yake ya pepopunda. Pengo lisiachwe wazi miaka, meno ya pembeni yatalalia humo na baadaye hata nafasi ya kuweka jino itakuwa imeisha, kwa hiyo omba atengenezewe jino la kuvaa na kuvua, litabadilishwa kadiri taya linavyokua. La kupandikizwa kwenye mfupa ni mpaka amalize kukua, miaka 18 na kuendelea. Usiku alivue, aliswaki, alilaze kwenye kikombe cha maji safi, na akicheza mpira alivue pia.